Kifua cha mtoto njiti: ni mzio, au ni moshi wa jikoni kwetu?

Haya wapendwa, mwezi huu simu yangu imejaa barua za watoto njiti. Sijui ni kwa sababu vumbi la kiangazi limeanza Mwanza au ni kwamba wazazi wameanza kuongea, maana zamani mtu alikuwa anaficha kabisa kuwa mtoto wake alizaliwa kabla ya wakati. Na hilo jina njiti mi mwenyewe silipendi sana, njiti ni ya kiberiti, ila ndo tumeshalizoea na wenye watoto wanalitumia kwa mapenzi kwa hiyo twende nalo. Nimechagua barua tano, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ina kila kitu ndani yake.

Shikamoo shangazi. Mimi ni Mama Kulwa wa Buhongwa. Nilijifungua mapacha mimba ikiwa na wiki 30, Kulwa alikuwa na kilo 1.4 na Doto kilo 1.1. Tulikaa hospitali karibu miezi miwili, nawabeba kifuani kwa kangaruu mchana na usiku tunapokezana na mdogo wangu. Sasa hivi wana miaka mitatu. Kulwa hana neno. Doto akipata mafua madogo tu kifua kinabana kinalia kama filimbi, tushalazwa mara nne. Mama mkwe anasema hii ni aleji na kapiga marufuku mayai, samaki, dagaa, karanga na maziwa, mtoto anakula ugali na mchicha, kakonda shangazi. Jirani naye anasema akatwe kimeo. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa waliandika BPD, nikauliza ni nini nikaambiwa nitaelezwa kliniki, kliniki hakuna aliyenieleza. Doto ana pumu au ana mzio? Na ataacha?

Marahaba mwanangu, pole na hongera kwa pamoja.

Naanza na kimeo kwa sababu hicho kinaweza kutokea kesho asubuhi ukiwa sokoni. Usikubali. Kile kinyama kilichoning'inia kooni hakina uhusiano wowote na kifua kubana, ukikikata kifua kitaendelea kubana vilevile na juu yake umeongeza kidonda, damu nyingi, na maambukizi ya wembe. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, nimepokea watoto waliokatwa kimeo wamelowa damu mpaka kwenye kanga ya mama, na sio wote walirudi nyumbani. Mwambie jirani asante kwa kujali, basi.

Sasa mapafu. Mtoto akiwa tumboni mapafu ndo yanachelewa kumalizika kuliko karibu kila kitu. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana vya hewa, na ili visigandane kila mtoto anapotoa pumzi kunahitajika utelezi fulani, wataalamu wanauita safaktanti, unafanya kazi kama sabuni inavyofanya povu lisipasuke. Utelezi huo unaanza kutengenezwa kwenye wiki ya 24 hivi lakini unakuwa wa kutosha kwenye wiki ya 34 au 35. Wewe umejifungua wiki ya 30, ukihesabu mwenyewe utaona Doto alitoka na sabuni kidogo. Na kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawaambiwi: vile vifuko vyenyewe vya kubadilishia hewa vinaanza kujengeka vizuri kwenye wiki ya 36, na vingi vinaota mtoto akiwa ameshazaliwa, miaka miwili mitatu ya kwanza. Yaani Doto alianza kuvuta hewa nyumba ikiwa haijaezekwa.

Ujue pia kwamba umevuka mahali pagumu. Mwaka 1963 Rais Kennedy wa Marekani alipata mtoto, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya siku zake, alikuwa na kilo 2 na kidogo, karibu mara mbili ya Doto wako. Hospitali zote za Marekani zilikuwa kama za baba yake na mtoto akafa hajafikisha siku mbili, kwa sababu ya utelezi huohuo, wakati ule hakukuwa na cha kumpa. Mama wa Buhongwa umetoka na wawili kwa kuwabeba kifuani, halafu unaambiwa hujui kulea. Haya.

BPD ni kifupi cha jina refu la daktari, bronkopalmonari displasia. Maana yake kwa lugha ya nyumbani: mtoto alihitaji oksijeni kwa muda mrefu, wiki nne au zaidi, na mapafu yakawa yanajengeka huku yanajiponya makovu, kwa hiyo vifuko vikawa vichache na vikubwa kuliko inavyotakiwa na njia za hewa zikawa nyembamba na zenye hasira. Oksijeni na mashine ya kusukuma hewa ziliokoa maisha na zikaacha alama, hayo yote mawili ni kweli. Ndo maana Kulwa mzima na Doto anabanwa, japo tumbo moja siku moja, Doto ndo alikaa kwenye oksijeni zaidi, sivyo? Wangekueleza hivi siku ile, dakika tano tu zingetosha.

Sasa swali lako lenyewe. Doto anabanwa kama mtoto wa pumu, analia filimbi kama mtoto wa pumu, na baadhi ya dawa ni hizohizo za pumu, lakini chanzo mara nyingi sio mzio, hiyo aleji ya mama mkwe. Mtoto wa pumu ya mzio njia zake za hewa zina ukubwa wa kawaida, zinavimba kwa sababu mwili unagombana na vumbi au manyoya au chavua. Mtoto njiti njia ni nyembamba toka mwanzo, uvimbe kidogo na makamasi kidogo vinatosha kuziba, ni kama kichochoro cha Mabatini na barabara ya Kenyatta, pikipiki moja ikiharibika kichochoroni hakuna anayepita. Kwa hiyo adui mkubwa wa Doto miaka hii ni virusi vya mafua, na cha pili ni moshi. Chakula kiko mbali kabisa.

Na hapa kuna kitu kitamshangaza mama mkwe: watu waliowafuatilia watoto waliozaliwa wadogo sana, kwa mfano kule Finland, walikuta wakifika umri wa shule wana mzio kidogo kuliko wenzao waliotimiza miezi, sio zaidi. Hata ile pumu ya ngozi, kwa waliozaliwa mapema sana inaonekana kuwa pungufu. Nadhani jina ndo linatuchanganya, tunasema pumu ya kifua na pumu ya ngozi kama ndugu wa baba mmoja, halafu kila anayebanwa kifua tunamtafutia mzio. Simaanishi njiti hawezi kupata mzio, anaweza kama mtoto mwingine yeyote, ila huwezi kumhukumu kwa kuwa njiti.

Kwa hiyo chakula kirudi mezani leo. Mzio wa chakula unajulikana: mtoto anakula yai na ndani ya dakika chache hadi saa mbili anavimba midomo, anatoka mabaka yanayowasha, anatapika, na akila tena inajirudia. Doto amewahi? Hujaandika hivyo, umeandika kwamba anabanwa akipata mafua. Basi mpe yai lililoiva, mpe sato ukitoa miiba, dagaa wasage uwaweke kwenye uji, maziwa ya kuchemsha. Karanga zilizosagwa ndiyo, karanga nzima HAPANA mpaka afike miaka mitano hivi, kwa sababu karanga ikiingia njia ya hewa inaleta mlio wa kifua ghafla upande mmoja na hiyo ni dharura, na usage karanga safi zisizo na ukungu. Mapafu yanayoota yanataka nyama ya kuotea, mtoto wa ugali na mchicha hajengi mapafu. Mama mkwe mheshimu, ila mwambie hii imetoka kwa nesi mzee mwenye mvi kama zake.

Halafu moshi, mwanangu. Hujaandika unapikia nini, na mi nimekaa Mwanza vya kutosha kubashiri: mkaa, na mvua ikinyesha jiko linaingia ndani. Pia ile dawa ya mbu ya kuchoma inayozungushwa, udi, takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba jioni, na sigara ya baba. Sigara ya nje ya mlango nayo inaingia na shati. Ukiweza gesi nunua hata mtungi mdogo uanzie chai na uji, serikali ina mkakati wa watu asilimia 80 wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034 lakini Doto hawezi kusubiri 2034, atakuwa ana ndevu. Huwezi gesi basi jiko liwashwe nje mpaka mkaa ukolee ndo uingie nao, na Doto asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Kwa mbu, mtoto mlaze kwenye neti.

Mpeleke kliniki ya watoto na hiyo karatasi, hospitali ya Bugando pale wapo wa kukuona, uulize kama anahitaji dawa ya kuvuta ya kila siku. Waambie pia kuhusu kukonda kwake na kama kuna mtu nyumbani anakohoa muda mrefu, kwa sababu kikohozi cha wiki mbili na kukonda lazima TB iangaliwe, tusifichane.

Usiku akibanwa mvue shati uangalie mbavu. Zikiwa zinabonyea ndani kila akivuta, au anaguna, au hawezi kunywa, au midomo na ulimi vinakuwa vya bluu, hapo hakuna kusubiri kuche, unaita bodaboda. Hesabu na pumzi dakika nzima akiwa ametulia, umri wake zikifika 40 ni nyingi.

Ataacha? Wengi wanatulia sana wakikua, kulazwa kunapungua baada ya miaka miwili mitatu, njia zinapanuka. Mapafu yake huenda yasifike nguvu ya Kulwa hata ukubwani, lakini anaweza kukimbia, kusoma, kuoa.

Shangazi habari. Mimi ni baba, niko Nyakato, nina mtoto wa miaka minne, alizaliwa na miezi saba. Daktari kamwandikia pampu mbili, ya bluu na ya kahawia. Dukani wameniambia pampu ikizoeleka hawezi kuacha maisha yote bora nichukue ya maji na vidonge. Halafu nikimpulizia mdomoni anakohoa dawa yote inatoka. Nifanyeje?

Salama kaka. Wa dukani alikuwa anauza alichonacho, msamehe ila usimsikilize. Dawa ya maji inazunguka mwili mzima ndo ifike kifuani, moyo unamdunda mtoto na mikono inatetemeka, wakati ya kuvuta inaenda palepale penye shida kwa kipimo kidogo. Na hakuna mtu anayelewea pampu. Anayeitumia miaka mingi ni kwa sababu ugonjwa bado upo, kama miwani tu.

Ya bluu inafungua njia kwa haraka, ni ya wakati wa kubanwa. Ya kahawia ni ya kutuliza uvimbe taratibu, inatumika kila siku hata akiwa mzima, na hapo ndo wazazi wengi wanakosea, wanaona mtoto haendi mbio kupona wanaiacha. Ujue tu kwamba kwa watoto njiti ya kahawia haimsaidii kila mmoja kama inavyowasaidia wenye mzio, kwa hiyo baada ya miezi miwili mitatu mrudishe daktari apime kama kuna faida, sio kuendelea kwa mazoea.

Kukohoa dawa ni kwa sababu unapulizia mdomoni moja kwa moja. Mtoto wa miaka minne hawezi, hata watu wazima wengi hawawezi. Inatakiwa chombo katikati, na kama hamna cha kununua tengeneza. Chukua chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, ioshe kwa maji ya sabuni uiache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa (ukiifuta dawa inang'ang'ania ukutani). Pasha waya, toboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa pampu, ingiza pampu ikae kwa kubana na pembeni ziba na plasta. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, unatikisa pampu, unabonyeza mara MOJA, anavuta na kutoa taratibu mara tano hadi kumi, ndo unabonyeza ya pili kama uliambiwa mbili. Kabla ya matumizi ya kwanza pulizia humo mara kadhaa bila mtoto ili plastiki ishibe. Hii sio ubabaishaji, huko Cape Town walijaribu chupa hizi kwa watoto wenye pumu miaka ya 90 na zikafanya kazi sawa na vile vya dukani. Baada ya ya kahawia asukutue mdomo ateme, la sivyo ulimi unaota utando mweupe.

Pampu ya bluu ikiwa inaisha kila mwezi, mtoto hajatulia huyo, rudi hospitali.

Mwangaluka mwanangu. Mimi ni bibi, niko Ukerewe, nalea mjukuu njiti wa mwaka mmoja na nusu. Wale wadudu wakitoka ziwani kama moshi mweusi mtoto anakohoa usiku kucha. Ndo wanaompa pumu? Kazi yangu ni kubanika samaki hapahapa uani.

Mwangaluka bibi, shikamoo. Wabeja kwa kuandika.

Wale wadudu hawaumi wala hawana sumu, wanakulia kwenye tope chini ya ziwa kisha wanatoka kwa mpigo, zaidi siku za mwezi mwandamo. Ila vumbi la miili yao wakishakauka linaweza kweli kumsumbua mtu kifua, huko Sudan kando ya mto Nile vidudu vya ukoo huohuo viliwaletea watu wengi pumu ya mzio mpaka madaktari wakavichunguza. Kwa hiyo hujakosea. Wakionekana ziwani funga madirisha mapema, zima taa za nje jioni, na asubuhi usiwafagie wakavu, wafute na kitambaa cha maji mtoto akiwa nje ya chumba.

Lakini bibi, wadudu wanakuja siku chache kwa mwezi na samaki unabanika kila siku. Umeniandikia adui mkubwa mstari wa mwisho kama salamu. Sisemi uache kazi, ndo inayomlisha. Sogeza tanuri upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na nyumba, na ziwani upepo unajulikana, mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu na usiku unageuka, kwa hiyo panga saa. Mtoto akae kwa jirani mpaka moto uzime, na kanga uliyobanikia usimbebee.

Shangazi, Igombe hapa. Mtoto wangu alizaliwa wiki nane kabla. Chanjo nihesabu toka alipozaliwa au toka siku aliyotakiwa kuzaliwa? Nesi mmoja kasema hivi mwingine vile.

Toka alipozaliwa. Wiki 6, 10 na 14 kama wenzake, surua miezi 9 na 18, usimpunguzie wala kumsogezea. Ile ya kuzuia nimonia usiikose hata kama kuna msiba, yeye anaihitaji kuliko aliyetimiza miezi. Ile ya begani ya TB tu ndo wanaweza kusubiri kidogo uzito uongezeke. Umri wa kuhesabu toka siku aliyotakiwa kuzaliwa ni wa kuangalia ameketi lini, ametambaa lini, ndo pale manesi wawili walipochanganyana.

Shkamoo anti. Nina miaka 16 naishi Pasiansi, nilizaliwa miezi saba na nilikuwa na kifua nikiwa mdogo. Nacheza mpira wa miguu winga, ila mama ananikataza anasema mapafu yangu ni ya njiti nitakufa uwanjani. Kweli nachoka haraka kuliko wenzangu. Niache?

Marahaba mjukuu. Usiache. Mapafu ya njiti yanafaidika na mazoezi, asiyekimbia anachoka haraka zaidi na zaidi halafu anadhani ni mapafu kumbe ni miguu imelala. Lakini na mama hajatunga, wapo waliozaliwa na miezi saba ambao njia zao zimebaki nyembamba mpaka ukubwani bila kujua, wanajiona wavivu tu.

Kuna kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mrija, kinapima unatoa hewa kiasi gani kwa sekunde moja. Kwanza wanakupima hivyo, halafu wanakupa pampu ya bluu na kukupima tena waone kama njia zinafunguka. Zikifunguka inawezekana ukawa unaivuta kabla ya mechi na shida ikaisha. Mwambie daktari mwanzoni kabisa kwamba ulizaliwa na miezi saba, hawaulizi kwa mtu mwenye umri wako, na wewe usingoje kuulizwa. Ukienda kliniki yoyote ukiwa na miaka 30 au 50 useme hivyohivyo.

Sigara usiguse, bangi usiguse, na hiyo shisha mnayodanganyana ni maji matupu usiguse, mwenzako ana mapafu ya akiba, wewe akiba yako ilitumika ukiwa na kilo moja na nusu. Kuogelea ni zoezi zuri sana la kifua ila sio ziwani, kichocho kipo palepale kwenye majani ya ufukweni, tafuta bwawa.

Pasha mwili dakika kumi na tano kabla ya mechi, taratibu, usianze na mbio. Kifua kikianza kubana toka nje ya uwanja ukae, kocha ajue kabisa toka sasa. Na siku ya kipimo nenda na mama, akae palepale akuone unavyopuliza na amsikie daktari kwa masikio yake.